Kondoo wa Kitambaa Aliyetoka na Alama ya Jirani

Sandur,
Kisiwa cha Sandoy,
Visiwa vya Faro.
18 Novemba 2004

Mpendwa mdogo wangu Hanus,

Salamu nyingi zikufikie huko Halifax ukiwa mzima, wewe na Edith. Je, goti limekubali kupanda ngazi, au bado unalala sebuleni? Mimi sijambo. Upepo umeng'oa mabati mawili ya banda la nyama, lakini nyama yenyewe inakauka vizuri na mwaka huu haijaingia funza. Nitakutumia paja moja, watu wa forodha wenu wakiwa na huruma.

Najua unangoja habari za mjukuu wangu Sunniva na moyo wake. Vumilia kidogo, nianzie nilikoanzia mimi, maana jambo hili limenishangaza na mpaka leo sijamaliza kushangaa.

Tulipangiwa aende Kopenhagen akazibwe lile tundu la moyo. Ana miaka mitano na kichwa kigumu, unajua kakitoa wapi. Akasema haendi, na hakuna mtu wa kumkata. Madaktari walishatuambia kwamba moyo ule hautavuka majira mengine ya baridi. Mama yake, Turid, alibembeleza mpaka sauti ikakauka.

Hospitali ilituandikia kwamba mtoto anaruhusiwa kushika mdoli mmoja mpaka dawa ya usingizi imchukue. Midoli ya dukani yote aliikataa. "Hao hawana kwao," alisema. Akataka kondoo, tena kondoo wa kwetu, akasema akimpata huyo atakwenda.

Basi nikachukua fulana ya sufu ya marehemu mume wangu Poul, ile uliyokuwa ukiicheka kila akivua koti. Nikakata pande mbili zenye umbo la kondoo, masikio humo humo, nikazishona zikiwa zimegeuzwa ndani nje, nikaacha upenyo wa vidole viwili chini ya tumbo. Hanus, nimefuma soksi tangu nina miaka sita, lakini mdoli sikuwahi kushona, na sikujua itakuwaje kumgeuza. Kitu kiko mezani kama tambara la kufutia taa. Unaingiza kidole kwenye upenyo, unavuta mguu, unavuta kichwa, na mara kiumbe kinatoka kinakutazama, hata macho hakijapata. Nimezalisha kondoo zaidi ya mia mbili kwa mikono hii, lakini siku hiyo ilibidi niketi.

Nikamjaza sufu ya dume letu, nikaziba tumbo, nikamtia macho ya uzi mweusi. Sunniva alipompokea hakutazama macho. Alishika masikio.

"Bibi, huyu ni wa mzee Jákup."

Alisema kweli. Alama yetu ya kutambulisha kondoo ni pengo kwenye sikio la kushoto, na ya Jákup ni pengo lile lile kwenye sikio la kulia. Mimi nilikata pengo kabla ya kumgeuza, nikasahau kwamba kugeuza ni kama kugeuza glovu, ya kushoto inakuwa ya kulia. Nikamwambia ni mdoli tu, nitaliziba pengo lile na kukata jingine.

"Hiyo ni kufuta alama ya mtu," alisema. "Wewe mwenyewe ulisema anayefanya hivyo ni mwizi."

Nilisema, ndiyo. Unakumbuka niliyasema wapi na nilimsema nani. Siku ya kukusanya kondoo, kijiji kizima kikisikia, nilimwambia Jákup kwamba amelikata upya sikio la dume letu. Miaka tisa hatujasemezana, na nyumba zetu zinatenganishwa na barabara tu.

Feri ilikuwa inaondoka kesho yake asubuhi. Mtoto akanishika mkono tukavuka.

"Nimekuletea kondoo wako," alimwambia.

Jákup alivaa miwani, akampeleka kondoo dirishani, akampapasa mgongo na kiuno kama anayetaka kununua, kisha sikio. Nilingoja acheke, lakini hakucheka.

"Ni wangu," akasema. "Amenona. Kalishwa na nani?"

"Na Bibi."

"Bibi yako kulisha anajua. Mdomo ndio unamponza."

Nilijifanya natafuta sindano kwenye kola yangu.

"Nakupa," akamwambia Sunniva. "Ila ukipewa kondoo sharti umtie alama yako. Tukikata na hili la kushoto, mapengo mawili namna hiyo hakuna mwenye nayo kisiwani. Itakuwa yako peke yako." Akatoa kisu.

"Ataumia?"

"Ataumia," Jákup akasema. "Halafu atapona, na popote atakapokwenda watu watajua wa kumrudishia."

 Mtoto akamshika kondoo kichwa kwa mikono yote miwili, tunavyowashika sisi, akasema, "Kata."  Nilimwogopa, Hanus, kwa jinsi unavyomwogopa mtu aliye mkubwa kuliko wewe. Nilikunja pindo la lile pengo papo hapo, kwa sindano iliyokuwa kwenye kola yangu, jikoni kwa mtu niliyeapa sitakanyaga kwake.

Juzi Jumanne wakamwingiza chumba cha upasuaji. Turid anasema hakulia. Alimtaka daktari amwonyeshe kwa kidole atakata wapi, akatikisa kichwa kukubali, akamkumbatia kondoo wake na kulala. Saa sita nzima nilikaa kando ya simu. Ilipolia, Turid alisema maneno matatu tu: "Mama, anapumua mwenyewe."

Nikajikuta barabarani na soksi tu. Jákup alikuwa mlangoni na koti lake, tangu asubuhi, nadhani.

"Vipi?"

"Mzima."

Akaketi kizingitini, akalia. Nami nikaketi kando yake, nikasema lililonikaa kooni.

"Jákup, sikio la dume letu liliraruliwa na waya. Niliuona huo waya umenasa sufu yake, wiki ile ile niliyokusema."

"Najua," akasema. "Nilikuona ukiutazama."

Miaka tisa yote alijua, na hakumwambia mtu. Akafuta uso, akasema kahawa iko jikoni, nikaingia.

Msalimie sana Edith, na wanao Rasmus na Lena. Turid anakusalimu kutoka wodini. Mungu aliyemrudishia mtoto pumzi akulinde nawe huko uliko mbali nasi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda kwa aibu na kwa furaha,

Marjun