Kandambili Kwenye Tone la Maji

Ghorofa ya Tatu,
Mlango wa Kijani,
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu huku juu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umeacha kukusumbua, na wifi yangu amepona yale mafua aliyokuwa akinipigia nayo chafya kwenye simu. Mapacha je? Bado wanagombania kitanda cha juu? Sisi hatujambo. Baba anakula vizuri, analala vizuri, na jana alizisifia nywele zangu, ingawa aliniita Sista, kama nesi wa hospitali yake ya zamani. Mimi ni mzima wa afya. Hayo mengine nitakueleza, na naomba usome hadi mwisho kabla hujakunja uso.

Kwanza, asante kwa hadubini. Ilipofika nilinuna siku mbili, kwa sababu nilikuomba uje, wewe ukatuma kifurushi. Sasa nimekusamehe nusu. Mwalimu wa baiolojia, yule jirani yetu wa ghorofa ya chini, hutuletea maji ya bwawa la shule kwenye kopo la jamu. Naweka tone moja kwenye kioo, nalifunika kwa kioo kingine chembamba kama ganda la kitunguu, kisha naifunga simu yangu juu ya lenzi kwa lastiki ya kushonea, maana nyumba ya fundi cherehani haikosi lastiki. Halafu narekodi.

Kaka, hujaona mambo. Kuna kiumbe cha seli moja chenye umbo la soli ya kiatu, na vinyweleo mwili mzima. Tumemwita Kandambili. Anakwenda mbio utadhani amechelewa kazini. Akigonga uchafu anarudi nyuma kidogo, anageuka, anajaribu upande mwingine. Mwenzake amekaa kama tarumbeta, ukigusa meza tu anajikunja, mwoga huyo! Nina video arobaini na kitu, na mashati ya wateja yanasubiri vifungo.

Na Baba sasa! Baba asiyekumbuka kama amekunywa chai, ukimkalisha mbele ya hadubini mikono yake inakumbuka yenyewe. Anazungusha skrubu taratibu, macho yote mawili wazi, kama alivyofanya miaka thelathini na moja kwenye maabara ya hospitali. Unakumbuka Mama alivyokuwa akimfunikia chakula kinapoa, kwa sababu Baba hatoki kwenye meza ya maabara mpaka wa zamu inayofuata afike? Basi ni yule yule. Siku ya kwanza aliangalia weee, akaomba kalamu, akaandika kwenye kipande cha karatasi: "Wadudu wengi sana. Mgonjwa asiruhusiwe kwenda nyumbani." Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka. Aliniuliza mgonjwa mwenyewe yuko wapi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mlango wetu unafungwa kwa ufunguo tangu siku ile Baba alipotoka na pijama, akakutwa hospitali amekalia stuli yake ya zamani, anawafokea wataalamu wa watu kwamba hawajanawa mikono. Ufunguo nauvaa shingoni pamoja na tepu ya kupimia. Imekuwa miezi kumi na moja sasa. Mteja akija nafungua, akiingia nafunga. Nikienda dukani mwalimu hukaa naye, nami naenda mbio na kurudi mbio. Mtaa nauona dirishani tu, mpaka nimejua nani amenunua viatu vipya na nani amenuniana na mwenye duka la mkate. Nampenda Baba na sitamtupa. Lakini nimefungiwa, Kaka. Kuna siku nalia huku nakanyaga cherehani kwa nguvu ili asinisikie.

Mwalimu aliwaonyesha wenzake video za Kandambili. Wiki iliyopita mkuu wa shule alipanda ngazi zote hizi mwenyewe, anahema, akakaa kwenye kiti cha wateja. Wanataka niwe mtunza maabara, niwafundishe wanafunzi kurekodi. Jumatatu hadi Alhamisi, asubuhi mpaka saa nane mchana. Mimi! Mimi niliyeacha masomo Mama alipougua, ili wewe umalize yako. Sikukumbushi kwa ubaya, ila nakukumbusha. Kazi inaanza tarehe mosi Aprili, na jibu wanalitaka kabla ya Ijumaa ya tarehe 28. Nisipojibu watampa mwingine.

Wasaidizi tumejaribu wawili. Wa kwanza Baba alimwambia akapange foleni na wagonjwa wenzake. Wa pili alimfukuza kwa kukosa koti jeupe. Anahitaji mtu wake wa damu akae naye miezi mitatu, hadi amzoee mgeni taratibu. Ulisema una likizo uliyoilimbikiza. Mara tatu umeniambia utakuja nafasi ikipatikana. Safari hii naomba tarehe.

Nikueleze ya Jumanne, kisha nikuache. Nilikuwa namrekodi Kandambili, nimeunganisha simu na televisheni ili Baba aone. Tone likaanza kukauka kwa joto la taa, kama kawaida. Kila siku naongeza maji pembeni kwa kibomba cha dawa ya macho. Siku hiyo sikuongeza. Sijui nini kiliniingia. Maji yakapungua, Kandambili akabaki na kieneo kidogo, kikazidi kuwa kidogo, anagonga ukingo, anageuka, anagonga tena. Nikamtazama tu, machozi yananitoka na mkono hauinuki.

Baba akainuka kwenye kiti chake. Akachukua kibomba, wala hakutetemeka, akadondosha tone moja ukingoni mwa kioo. Maji yakaingia, Kandambili akaenda zake mbio. Kisha Baba akageuka, akanitazama kwa upole ambao sijauona tangu Mama afariki.

"Umechoka, Sista," akasema. "Tangu asubuhi uko hapa. Bado hajaja wa kukupokea zamu?"

"Bado," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, akaniwekea kalamu mkononi. "Mwandikie. Pengine hajui kama ni zamu yake."

Basi ndiyo hii nimekuandikia.

Msalimie sana wifi yangu, umwambie nguo yake iko tayari, aje aijaribu mwenyewe. Wabusu mapacha kwa niaba ya shangazi yao. Mama mdogo naye usimsahau, mwambie goti la Baba limepona. Mungu akutunze, akupe afya, na akufungulie njia zote, hasa hii ya kuja huku.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
wa zamu ya asubuhi, ya mchana na ya usiku.