Kadi ya Nyanzala

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Chai bila sukari tena. Ofisini saa moja na nusu. Nimepiga chapa kurasa nne za mswada wa filamu, afisa utamaduni kazisoma amesimama, kanirudishia. Eti watu wangu wote wana mdomo mmoja. Mwenyekiti, mkulima, bibi kizee, wote wanasema kama gazeti. Nilikasirika. Nilikasirika zaidi kwa sababu ni kweli.

Filamu yenyewe fupi, ya kuzungushwa na gari la sinema, kuwahimiza watu wahamie vijiji vya ujamaa. Wapiga picha wanakuja mwezi ujao.

Jumatano, 7 Agosti

Nimepata dawa. Nimekatakata jalada la faili kuukuu, kadi moja kwa kila mhusika. Tapureta ina utepe wa rangi mbili. Kwa nyeusi, maneno anayoyapenda mtu huyo. Kwa nyekundu, asiyoyasema kamwe. Sipigi mstari kabla ya kutazama kadi.

Mwenyekiti: "ndugu wananchi", hata akiomba maji ya kunywa. Mkulima Shabani: huapa, kisha husahau alichoapia. Bibi Nyanzala, yule asiyetaka kuhama: kadi tupu. Kizee gani huyu? Simjui.

Jumapili, 11 Agosti

Kanisani sikwenda, Mungu anisamehe. Nimekwenda Tura kumwona shangazi Kalunde. Tangu Juni amehamishiwa kijiji kipya, kiwanja kimepimwa kwa kamba. Lakini hakai. Viongozi wakija wanamkuta mbele ya kibanda, mpole. Wakiondoka anapita nyuma ya mabani ya kukaushia tumbaku, anarudi kwake kwa zamani. Kule ndiko alikomzika mumewe na watoto wawili.

Nikamuuliza, mpaka lini? "Nyumba yangu haina miguu, mwanangu. Ningeipelekaje?"

Mwenyekiti wa kijiji alipita, akamkumbusha kuwa kurudi kule ni marufuku. Shangazi akakohoa kwanza. "Nimesikia. Masikio ninayo." Hakusema ndiyo. Tangu nizaliwe sijamsikia akimwambia mkubwa yeyote ndiyo.

Nimeandika yote ndani ya treni. Kadi imejaa pande mbili. Kwa nyekundu nitapiga neno moja tu: ndiyo.

Alhamisi, 15 Agosti

Mambo yamekubali. Nyanzala anasema mwenyewe, mimi napiga chapa tu. Afisa kacheka mpaka kavua miwani. Ila anataka mwishoni bibi aseme, "Ndiyo, nimeelewa." Nikamwonyesha kadi. Huyu hasemi hivyo, tukimlazimisha kila mtazamaji atajua. Kachoka nami. Kasema tusome kwanza mbele ya wageni, kisha ataamua.

Jumanne, 20 Agosti

Kikao cha kusoma. Makatibu wa chama wametoka vijijini, kila mtu na soda yake. Nyanzala nilimsoma mimi, kwa sauti ya shangazi, na kile kikohozi kabla ya neno. Nilijivuna, niseme kweli.

Nilipofika "nyumba yangu haina miguu", katibu mmoja wa upande wa Tura akapiga meza. "Kalunde huyo! Kalunde mtupu!" Watu wakacheka. Mimi pia.

Ukurasa uliofuata ulikuwa ule wa Nyanzala kupita nyuma ya mabani kurudi kwake. Ningeweza kuuruka. Sikuuruka. Ulikuwa ukurasa mzuri kuliko yote. Katibu akaacha kucheka, akatoa daftari.

Jumatano, 21 Agosti

Nimeomba ruhusa ya kwenda Tura. Nimenyimwa, mswada unatakiwa. Nimempa ujumbe kondakta wa treni anayemfahamu shangazi: akae kiwanjani, asiende kule kabisa. Mdomo uliponza kichwa, ndivyo wasemavyo. Wangu umeponza kichwa cha mwingine.

Jumamosi, 24 Agosti

Wamechoma.

Kondakta kaniambia stesheni. Ujumbe wangu ulifika Alhamisi. Mgambo walifika Jumatano. Paa, ghala la mtama, hata kinu. Walimtoa nje, akarudi ndani kufuata sanduku la mumewe. Mkono wa kulia umeungua mpaka kwenye kiwiko. Amelazwa hospitali ya Kitete.

Nimekwenda. Alikuwa anatazama ukuta. "Nani aliwaonyesha njia yangu?" aliniuliza. Nikamtengenezea shuka.

Mwoga mimi.

Jumatano, 28 Agosti

Kitete. Hakuuliza tena.

Jumatatu, 2 Septemba

Shangazi yuko kwangu, Chemchem. Zamani akija mjini alikuwa akimpigia kila mpita njia kelele za salamu ya kwetu, "mwangaluka!", mpaka naona haya. Leo majirani wamepita na shikamoo zao, kaitikia marahaba, basi.

Nimemuuliza kama atakunywa uji. Ndiyo. Kama mkono unauma. Ndiyo. Alasiri kaja balozi wa nyumba kumi, kijana tu, kumweleza kwamba akipona lazima arudi kiwanjani. Shangazi akainuka kitini, mtu mzima yule, mkono umefungwa bendeji. Hakukohoa. "Ndiyo, baba," akasema.

Sijamwambia kuwa ni mimi. Nitamwambia. Naogopa hata hilo atanijibu ndiyo.

Ofisini nimeumaliza mswada. Nyanzala anasema, "Ndiyo, nimeelewa," kama afisa alivyotaka. Nimepiga kwa utepe mweusi. Kadi sikuitazama.