Mama, Ulimsimulia Ng'ombe

Mama mpenzi,

Kesho kutwa nampeleka Tekla kwa bibi, kule Ganako, nami narudi chuoni. Nina hofu, mama. Mtoto ana miaka mitano, bibi hajui Kiswahili, na huyu binti yako hajui hata kuomba maji kwa Kiiraqw, lugha yetu wenyewe. Kosa ni langu, na wewe unalijua.

Unaikumbuka likizo yangu ya kwanza? Tekla alikuwa ndiyo kwanza anaokota maneno. Ulikuwa ukimenya viazi, yeye mgongoni, mnapiga soga kwa Kiiraqw. Nami, mwanachuo wa miezi michache, nikakohoa kidogo.

"Mama, mtoto akisemeshwa lugha mbili akili inachanganyikiwa. Msemeshe Kiswahili tu."

Ukaniangalia. "Wewe nilikusemesha Kiiraqw. Mbona umefika huko?"

"Ningefika mbali zaidi," nikakujibu. Mjinga mimi!

Ulicheka, lakini ukanisikiliza, maana msomi wa nyumba alikuwa amesema. Kiswahili chako kilikuwa cha kuuzia maharage sokoni Karatu, basi ukamlea Tekla kwa maneno manne: njoo, kula, lala, haya. Mengine aliyapata kwa watoto wa jirani. Na yako ya moyoni ukawa unamwambia ng'ombe, kwa Kiiraqw, wakati wa kukamua. Kila likizo nilikusikia zizini ukimsimulia mambo marefu, ukicheka peke yako, Tekla amesimama pembeni. Nikaona mambo yanakwenda vizuri.

Bwenini sote tuliamini hivyo, na wala sikumbuki nani alianza kutuambia. Muhula uliopita mwalimu alituuliza nani anakubali jambo hilo. Mikono karibu yote ikapanda, wangu wa kwanza. Akatikisa kichwa.

"Nani kawadanganya? Nyinyi wenyewe mmekua na lugha mbili tatu, na mko hapa."

Niliona aibu kukuandikia. Nikasema nitakueleza likizo, uso kwa uso. Kabla likizo haijafika, ikaja simu ya maandishi kwamba umefariki.

Tangu tulipokuzika najaribu kumfundisha Tekla Kiiraqw. Jana nilimwita kwa Kiiraqw aje ale. Akacheka.

"Kaka, hiyo si ya ng'ombe?"

Kisha akawa anachezea upindo wa gauni lake.

"Mama alikuwa anampenda ng'ombe kuliko mimi, eh?"

Nikamwambia hapana.

"Sasa mbona alikuwa anaongea naye tu?"

Nilitoka nje, mama. Naogopa nikimwambia ni mimi niliyekunyamazisha atanichukia, na ukimtoa bibi hana mwingine. Nikinyamaza, atakuchukia wewe.

Leo jioni nitakamua mwenyewe, Tekla akiwa kando yangu. Nitamwambia kosa langu. Halafu nitamweleza uliyokuwa ukiyasema pale, yote ninayoyakumbuka, kwa Kiiraqw kwanza, kisha kwa Kiswahili. Karibu yote yalikuwa habari zake yeye.

Lala, mama.

Kifungua mimba wako