Walidhani Nimeleta Mbolea

Kimumu, Eldoret

Mama yangu mpendwa,

Hujambo, Mama? Goti linaendeleaje, na ile cherehani bado inakata uzi? Mimi ni mzima kabisa. Baridi ya huku nimeizoea, siku hizi natoka asubuhi bila lile sweta lako, usinigombeze. Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Ujumbe wako kuhusu nafasi ya kufundisha ambayo Mjomba Wafula amenitafutia hapo karibu na nyumbani niliupata. Unataka jibu kabla ya mwezi kuisha. Uliuliza pia, tena kwa ukali, ni nani hasa anayesoma haya ninayoandika gazetini kuhusu vitabu vya watu. Swali hilo liliniuma, Mama, kwa sababu nilikuwa nimeanza kujiuliza mwenyewe. Basi keti nikusimulie yaliyonipata kule Ziwa, mji mdogo wa wakulima nje ya Eldoret, Jumamosi iliyopita.

Kuna mwalimu mstaafu wa Kiswahili huko, Mwalimu Kirwa, ambaye ametoa riwaya yake ya kwanza. Ni hadithi ya ndugu wawili wa Moiben wanaogombania shamba la marehemu baba yao. Aliniomba nije siku ya uzinduzi nikihakiki kitabu mbele ya wageni. Nikamwambia wazi kwamba mimi husema zuri na baya. Akacheka, akasema karibu sana. Nadhani alisikia lile la zuri peke yake.

Tangazo likasomwa kanisani kwao: mhakiki kutoka Eldoret atakuwa kwenye uwanja wa kanisa Jumamosi, watu wafike mapema. Sasa Mama, huku msimu wa kupanda ukikaribia, kuhakiki kuna maana moja tu. Ni kukaguliwa vitambulisho ili mkulima apate mbolea ya serikali. Mimi sikujua hilo. Nilipofika nikakuta hema limejaa mpaka nje, kichwa kikavimba, nikajiambia kumbe nina wasomaji wote hawa! Kisha mama mmoja wa mstari wa mbele akaninyooshea kitambulisho chake.

"Anza na mimi, madam. Nimeacha ng'ombe bila kukamua."

"Mama, mimi ni wa kitabu."

"Kitabu ya mbolea?"

"Hapana. Ya hadithi."

Akageuka akawaeleza wenzake kwa Kikalenjin, na manung'uniko yakaenea hema zima. Watu wakaanza kusimama. Mwalimu Kirwa alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kifungo kilichoanguka. Nikaona nikianza na hotuba niliyoandaa nitawahutubia viti, kwa hiyo nikafungua kitabu nikasoma kwa sauti.

Nilianza na lile baya, makusudi. Ni pale kaka mkubwa anapomfokea mdogo wake katikati ya mahindi: "Ewe ndugu yangu, mbona wanidhulumu ilhali sote twatoka tumbo moja?" Kicheko kilichotoka hapo, Mama, lazima kilisikika sokoni.

"Hao ni watu wa wapi?" mzee mmoja akauliza.

"Wa Moiben."

"Moiben gani? Hiyo ni ya Mombasa!"

Nikawaambia hilo ndilo kosa kubwa la kitabu hiki. Mwalimu amesahihisha Kiswahili cha watoto wa watu maisha yake yote, na alipoanza kuandika hakuweza kuweka chini kalamu nyekundu. Amewasahihisha watu wake mwenyewe mpaka wamepoteza sauti. Nilisema hivyo akiwa ameketi karibu yangu, na mkewe ananitazama kwa jicho ninalolijua vizuri, maana wewe pia unalo. Niliogopa. Lakini ningesifu kila kitu wangejua nadanganya, na hata sifa ya kweli wasingeiamini.

Na sifa ya kweli ilikuwepo. Kuna sura ambapo ng'ombe aliyeachwa na baba yao anashindwa kuzaa. Ndugu hao hawajasalimiana tangu mazishi, lakini inabidi wamvute ndama pamoja, kwenye matope, na hakuna anayesema kitu isipokuwa "vuta" na "ngoja". Nikaisoma yote. Waliokuwa wamesimama wakabaki wamesimama, lakini hakuna aliyeondoka. Nilipofunga kitabu, yule mama wa kitambulisho akanijia juu.

"Sasa unafunga ya nini? Na hiyo shamba nani alichukua?"

"Si umeacha ng'ombe nyumbani?"

"Wacha angoje. Soma."

Nikasoma mpaka sauti ikakauka. Wakaniletea mursik, yale maziwa yao ya kibuyu, nikanywa, nikaendelea. Nilifurahi, Mama, furaha ambayo sijui nikueleze vipi. Ila Mwalimu Kirwa hakuniaga, na hilo lilinisumbua njia nzima kurudi Kimumu.

Juzi akanipigia simu. Hata salamu hakutoa.

"Ile sura ya ng'ombe nimeiacha vile ilivyo," akasema. "Hizo zingine naandika upya kwa toleo la pili. Nikimaliza, utanisomea? Na usinihurumie."

Basi hilo ndilo jibu langu. Kazi hii naijua, Mama, na naiweza. Mshukuru sana Mjomba kwa niaba yangu, umwambie nafasi hiyo ampe mwalimu anayeitamani kwa moyo wake. Mimi ningeingia darasani nikiwaza riwaya, na watoto wangenigundua siku ya kwanza. Najua utakasirika. Kasirika kidogo, kisha uniandikie.

Nisalimie Baba, asipande juu ya paa peke yake. Msalimie dada Naliaka na mtoto wake mchanga ambaye sijambeba, na Nyanya, umwambie bado nakula vizuri hata kama picha zinasema vingine. Mjomba mwenyewe msalimie kwa upole, nisije nikakosa mtu wa kunitetea kwenu.

Jambo moja tu limebaki. Najua kila Jumapili kanisani mnawaombea vijana wanaotafuta kazi, na kwamba wewe ndiye husimama ukasoma majina. Jumapili hii, Mama, langu usilisome.

Bintiyo anayekupenda,
Nekesa