Doa Lililotembea

Mjukuu wangu Chebet,

Huku Mau Narok hatujambo. Baba yako amemaliza kuvuna viazi, na goti langu bado linabishana na baridi. Unauliza ununue dawa gani, kwa vile ua lako la haibiskasi huko Kisumu limeota vidoadoa vyeupe kwenye majani. Ngoja kwanza.

Miaka ya hamsini, kabla sijamzaa baba yako, nilikuwa nafua nguo kwa mama mmoja mzungu, tuliyemwita Memsahib, karibu na Nakuru. Mengine ya miaka hiyo tuyaache. Mashuka nilianika juu ya fensi ya haibiskasi, kama kila mtu. Kiangazi kimoja yakaanza kuwa na madoa mekundu. Memsahib akasema, "Wewe nafua mbaya. Mara ingine, kwenda." Nikafua upya, madoa yakarudi.

Siku moja, kabla ya kukunja, niliinamia doa moja dogo. Likatembea. Nikapindua jani, lenye vidoadoa vyeupe kama ya kwako: chini yake utando mwembamba, na vijidudu vimejaa kama pilipili ya unga. Nikamwita Memsahib, nikatikisa tawi juu ya shuka jeupe. Akainama, akayaona madoa yakitembea.

Matawi yaliyozidiwa tuliyakata na kuyachoma. Yaliyobaki niliyaosha kwa maji ya sabuni, chini ya majani, jioni, kila baada ya siku tatu, mpaka shuka likatoka safi. Nawe anza hivyo.

Memsahib hakusema pole. Alininunulia kamba ya kuanikia. Sikumlaumu sana, mimi mwenyewe nilikuwa nimeanika pale miaka miwili bila kupindua jani hata moja.

Nyanya yako