Mayai ya Nyar Mombasa

Kombewa,
Jumanne asubuhi.

Ndugu yangu mpendwa Sydney,

Nakusalimu kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Doha, na kwamba kile kikohozi cha vumbi kimekuachia. Mama anakula kidogo, analala kidogo, anasema yuko sawa. Mimi ni mzima wa mwili.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu wewe hulia, nami hunyamaza. Najua unachotaka kusikia kwanza. Bwawa liko vilevile ulivyolijenga, chini ya mabati. Halina kitu.

Hukuona jinsi Baba alivyokuja kulipenda. Ulipomletea wale papa wawili kutoka Pwani, kila mmoja urefu wa mkono, alisema mtu wa ziwani kufuga samaki wa chumvi ni kutafuta kuchekwa. Mwaka haukuisha, jike alikuwa ameshapewa jina, Nyar Mombasa, binti wa Mombasa, kama bibi aliyeolewa kutoka mbali. Kila asubuhi Baba alipima chumvi kwa kipimo chako, akaongeza jagi moja la maji ya mvua kufidia yaliyokauka kwa joto, basi. Mama Akello wa jirani alimwuliza kila mara atamwalika lini, maana samaki wenyewe wameshatiwa chumvi, kilichobaki ni ugali. Baba akamjibu kwamba bibi wa mtu haliwi.

Nyar Mombasa alipotaga yale mayai sita, kama vipochi vya ngozi, Baba aliniita nimmulikie kwa tochi ya simu. Ndani ya kila yai kitu chembamba kilikuwa kikijipinda. Akasema anataka tu kuwaona wakitoka. Alifariki zikiwa zimebaki wiki tano.

Nilikuambia kwamba siku ya mazishi Mama Akello na wenzake walimwaga maji ya ziwa bwawani bila kujua, na kwamba mimi sikuwepo. Nilikuwepo, Sydney.

Nyumba ilikuwa imejaa wageni siku sita, hakuna aliyekumbuka bwawa, na maji yalikuwa yameshuka shubiri nzima. Tulipotoka kaburini ulipiga simu. Hukuuliza Mama amesimamaje, wala kama nimekula. Uliuliza mayai yanaendeleaje. Nikakata simu, nikakaa nyuma ya nyumba. Hapo ndipo Mama Akello alinikuta. Wanawake walikuwa wamebakiwa na mitungi mingi ya maji ya mapishi, naye akaona bwawa limepungua. Akaniuliza, nyathina, mwanangu, tuwaongezee hawa? Hata samaki wa marehemu wasishinde na kiu.

Mimi niliyesomea samaki miaka minne kule chuoni Bondo nilijua majagi mangapi yanatosha na mitungi mingapi inaua. Nikamwambia ongezeni. Wakaleta mtungi baada ya mtungi, wakiimba. Nilitaka ukipiga tena kuuliza, kusiwe na jibu.

Najua mwajiri wako alikunyima ruhusa. Najua huenda neno kaburi lilikushinda kutamka, ukashika lile uliloliweza. Siku ile sikutaka kujua.

Jua lilipokuwa likishuka nilikimbia na ndoo yenye maji ya chumvi nikaokoa yai moja. Mengine sikuyawahi. Nyar Mombasa na mumewe walilala chali kesho yake. Lile moja lilijipinda siku kumi na moja, nami nikimulika kila saa kama mwendawazimu. Jumapili likatulia. Bado sijalitoa kwenye ndoo.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Wewe ulimpigia Mama Akello ukamwambia amemuua Baba mara ya pili. Alikuja hapa na kuku, akapiga magoti mbele ya Mama, kisha akanigeukia mimi akaomba msamaha. Hakusema kwamba aliniuliza. Alinitazama tu, akiningoja niseme. Nikamwambia nimemsamehe. Kuku tulimla.

Tangu siku hiyo hajavuka ua wetu. Nimefika langoni kwake mara tatu nikarudi. Kabla hujanijibu, mpigie yeye. Mimi unaweza kuniacha.

Mama anakusalimu sana, hajui nilichoandika. Wasalimie wenzako mnaolala nao chumba kimoja, na unywe maji ya kutosha. Kile kipimo chako nimekikausha nikakifunga kwenye shati la Baba.

Ni mimi dada yako,
Ajwang