Kaseti Zinazongoja Neno Lako

Nakivale, baada ya mvua za kwanza

Dada yangu Nabintu,

Amani ya Bwana ikukute umeamka vizuri. Goti lako linaendeleaje? Na mama mkwe wangu, bado anakataa kula bila pilipili? Sisi huku kambini Uganda tunaendelea. Neema amerefuka mpaka sare yake ya shule imekuwa fupi, na maharagwe yameota vizuri. Ila tangu tulipomzika mdogo wako Bahati, redio yake ya kaseti iko pembeni, imefunikwa kwa kile kitenge cha kijani ulichotutumia.

Leo lakini nataka kukuambia habari za kaseti. Najua unacheka. Bahati alinisimulia jinsi mlivyokuwa mkigombania redio ya baba yenu. Jirani yangu, mama Sifa, anakuja Bukavu, na nimempa kaseti nne mpya akuletee.

Nilizijua hivi. Ninapopeleka maharagwe Mbarara, huwa nangojea gari la kurudi mbele ya duka la Haji, mzee anayeuza kaseti. Nyumbani muziki umenyamaza, lakini barabarani nani atanizuia kusikia? Siku moja Haji akatoka nje.

"Wewe mama, kila siku nasikiliza tu, nunua hapana. Masikio yako nakula bure!"

"Unisamehe, Haji. Niko mu kilio ya bwana yangu."

Akaingia ndani, akaniletea kiti. "Kaa. Kusikiliza si kucheza."

Ya kwanza ni taarabu ya pwani. Anaimba mwanamke ambaye hapandishi sauti hata mara moja. Utadhani anamjibu mtu aliye chumba cha pili, na unajua kabisa huyo mtu ameshashindwa. Isikilize ukiwa unapika. Ya pili ni rumba ya vijana wa kwetu walioko Kampala. Magitaa yanaanza polepole, kama watu wanaopeana habari, na kabla upande wa kwanza haujaisha mguu wako utaanza bila ruhusa, hata wa lile goti. Ya tatu ni ya wafugaji wa Endiinzi, wanasifu ng'ombe wao kwa makofi na kishindo cha miguu tu. Maneno siyajui. Haji alinifasiria machache, na mengine nadhani aliyatunga mwenyewe. Wimbo wa mwisho ni mrefu, lakini uvumilie, utamu wake uko karibu na mwisho.

Ya nne ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Unajua Bahati alipigia gitaa kwaya yetu. Tangu tulipomzika, waimbaji wakipita kwetu wanakatisha wimbo, na mazoezi wakayahamishia ng'ambo ya kanisa. Moyoni nilisema: wamemsahau upesi hivi? Basi wiki iliyopita Haji aliweka kaseti, akasema, "Hii natoka kwenu Nakivale." Wimbo wa kwanza, sauti tupu. Wa pili, kabla hawajaimba, nikasikia ukucha ukikwaruza uzi kidogo, kama mtu anayepiga hodi. Dada, nani mwingine huanza hivyo? Nikashika mlango.

"Mama, nini?"

"Ni bwana yangu."

Haji aliisimamisha kaseti. Aliirudisha nyuma, akaiweka upya.

Niliposhuka garini nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu Kiza, kiongozi wa kwaya. "Mwalimu, munatoa kaseti na mimi munanificha?"

"Mama Neema, tungekuletea namna gani? Nyumba iko mu kilio. Tulirekodi kabla Bahati hajagonjwa. Yako ni ya kwanza kabisa, iko mu sanduku yangu. Hata mazoezi tulipeleka fasi ya mbali juu yako, usisikie. Dada yake hajaongea, nani atafungua muziki?"

Kumbe kile kimya chote kilikuwa heshima, na wote wanakungojea wewe.

Dada, desturi yetu unaijua kuliko mimi. Redio ya marehemu hufunguliwa na dada yake mkubwa. Goti lako halitakuvusha mpaka, na sitaki mtu mwingine ashike nafasi yako. Lakini juzi Neema aliniuliza, "Mama, baba alikuwa anapiga na mkono gani?" Nilimwonyesha, kisha nikaenda nje kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Kwa hiyo zile tatu uzisikilize upendavyo. Ya nne usiisikilize peke yako, mama mkwe awe karibu. Moyo wako ukiweza, piga simu kwa mwalimu Kiza, namba anayo mama Sifa. Useme tu, "Fungueni." Usipoweza, tutangoja, na sitakulaumu.

Nisalimie mama mkwe sana, shemeji yangu fundi wa viatu, na shangazi anayeuza mkaa. Mwambie vicheko vyake bado tunavikumbuka.

Mwalimu ameshanipa kaseti yetu. Bahati alikuwa akizungusha kaseti kwa kalamu ili asimalize betri, unakumbuka? Nami nimeizungusha hivyo hivyo, mpaka pale ninapodhani wimbo wa pili unaanza. Nimeiweka ndani ya redio, nikarudisha kitenge. Kalamu ni hii hii ninayokuandikia.

Wifi yako akupendaye,
Mapendo, mama Neema